Dawa ya Pili ya Blanchard

Médard alikuwa mtu wa wivu, na afadhali tuliseme hilo mapema ili tusidanganyane. Hakuwa mwizi wala mlevi, na mkewe Annette hakuwahi kulia kwa sababu ya mkono wake. Lakini jirani akiezeka nyumba kwa mabati mapya, Médard hakupata usingizi mzuri mpaka mvua inyeshe asikie kama yanavuja. Shemeji yake alipojifungua mapacha, alipeleka sabuni na kitenge kama inavyotakiwa, kisha akarudi nyumbani amenuna utadhani ameibiwa. Annette alikwishazoea. Alisema mume wake ana jicho moja la kuangalia njia na jingine la kuangalia sahani za watu.

Kwa kitu kimoja tu hakumwonea mtu wivu, nacho ni kazi yake, maana katika mji wote wa Bunia, huku Kongo, hakuona wa kumshinda. Alikuwa mkalimani. Kiingereza alikiokota kambini Uganda, alikokimbilia na mama yake wakati wa vita, akakaa miaka tisa akifagia zahanati ya wakimbizi na kusikiliza kila kilichosemwa humo. Aliporudi, makanisa ya uamsho yakamgundua. Kila mhubiri aliyekuja kutoka Kampala alimkuta Médard amesimama kushoto kwake na maikrofoni ya pili. Yeye mwenyewe ni Mkatoliki, mtu wa upande wa Mahagi, na misa yake ilikuwa ile ya alfajiri. Akishakomunika alibadilisha koti, akaenda kutafsiri moto wa wengine.

Mhubiri akiruka, Médard aliruka. Akilia, alilia. Na siku zote alisema "mimi", kama mkalimani wa kweli anavyosema. Mhubiri akiungama kwamba zamani alimpiga mke wake, Médard alijigonga kifua na kupaza sauti, "Nilikuwa napiga bibi yangu!", na watu mia tano walijua kwamba si yeye anayesema. Wakalimani wengine hukata maneno wakichoka, au hutia chumvi zao. Médard hakupunguza wala kuongeza. Miaka kumi na minane hakuwahi kuangusha sentensi moja, na alipenda watu walijue hilo.

Mbele ya kiwanja chake katika mtaa wa Bigo alihamia Blanchard, seremala kutoka Nyankunde, na hapo ndipo wivu wa Médard ulipopata makao. Blanchard alifika na randa moja na msumeno, na baada ya mwaka vitanda vyake viliondoka kabla vanishi haijakauka. Parokia ilimwagiza mabenchi. Watoto wa mtaa walimzunguka kutwa wakichezea maranda. Alikuwa mcheshi, alisalimia kila mtu, alimwita Médard "kaka", na wala hakujua kwamba kuna mtu anamchukia. Hata mbwa wa Médard, aliyekula kwa Médard, alikwenda kulala kwa Blanchard.

Ugonjwa ulianza kwa Médard. Bugali lilikwama kifuani kama mtu ameweka kidole pale, kisha maharagi, kisha hata ndizi iliyopondwa. Miezi miwili baadaye Blanchard naye akaanza kunywa maji baada ya kila tonge.

"Ameniiga," Médard alimwambia Annette. "Hata ugonjwa, ameniiga."

"Nyamaza, baba," Annette akasema. "Ile haina kitu ya kuigana."

Walikwenda pamoja hospitali ya misheni Nyankunde, wakaingizwa mpira wenye kamera kooni, na majibu yalifanana: saratani ya njia ya chakula, na tayari imetupa mbegu sehemu nyingine za mwili, kwa hiyo kisu cha daktari hakifai tena. Walipewa vipande vya nyama vilivyokatwa na kamera ile, vimefungwa vizuri, na barua ya kwenda Kampala kwa wataalamu. Blanchard alimshika Médard mkono pale uani.

"Kaka, weye njo utakuwa kinywa yangu kule. Mimi Kingereza sijue hata ya kuomba maji."

Na Médard akakubali, tena kwa moyo mweupe. Njia nzima ya Mahagi, mpaka mpakani, mpaka Kampala, alijisikia mkubwa. Mara hii Blanchard ndiye aliyemhitaji.

Daktari alikuwa mama wa makamo, mpole, mwenye sauti ya chini. Baada ya wiki mbili za kungoja vipimo aliwaita wote wawili, pamoja na Émilienne, mke wa Blanchard. Alianza na Médard.

Alimweleza kwamba dawa kali ya mishipa, ile kemo ambayo Bunia huiita chimio, ndiyo watakayotiwa wote wawili. Lakini siku hizi, alisema, kuna dawa ya pili inayotiwa pamoja na ile ya kwanza. Hiyo haiui saratani yenyewe. Saratani hujifunika uso ili askari wa mwili wasiitambue, na dawa hii huwaondolea askari usingizi. Wanaotiwa mbili pamoja, kama nyama yao ina alama fulani nyingi, wengi huishi muda mrefu zaidi kuliko wanaotiwa moja. Kuna mpango unaotoa dawa hiyo bure kwa wenye alama zaidi ya kumi.

"Yako ni chini ya moja," daktari alimwambia Médard. "Kwako ingekuletea hatari bila faida ya maana. Utapata kemo peke yake, nayo inasaidia pia."

Kisha akamgeukia Blanchard, na Médard akakaa wima, kwa sababu kazi ni kazi.

"Nina habari nzuri kwako," daktari alisema.

"Niko na habari muzuri kwako," Médard akasema.

"Alama yako ni arobaini. Utapata dawa zote mbili."

Ilibidi aliseme. Kwa kinywa chake mwenyewe, kwa sauti ile ile iliyokuwa ikiwainua watu mia tano kwenye viti, Médard alimpa Blanchard ile dawa. Alisema arobaini. Alisema zote mbili. Émilienne alifunika uso kwa kitenge na kulia kwa furaha, na Blanchard akamkumbatia nani? Akamkumbatia Médard. Pale kifuani, mahali chakula kilipokuwa kikikwama, Médard alihisi kitu kingine kimekwama, kichungu, na alilijua jina lake.

Daktari aliendelea. Alisema Blanchard anaweza kuchoka na kupoteza nywele. Médard akatafsiri. Kisha daktari akainua kidole na kusema polepole, sentensi moja ndefu: askari wakiamshwa, wakati mwingine humpiga mwenye nyumba, wanaweza kushambulia mapafu, ini au matumbo, ukianza kuharisha, hata kama unaona ni jambo dogo, usinywe dawa za dukani, usingoje, tupigie simu siku hiyo hiyo, kwa sababu huko kuharisha kunaweza kuua.

Watu wa Bunia hawahitaji kufundishwa kwamba askari anaweza kumgeukia mwenye nyumba. Blanchard angeelewa mara moja. Médard alifungua kinywa, akaona uso wa jirani yake unaong'aa, akasema:

"Anasema utachoka kidogo. Ni kawaida."

Blanchard alikunja uso. "Alisema mingi sana, weye umesema kidogo."

"Kingereza iko vile. Inazunguka-zunguka."

Mlangoni muuguzi alimpa Blanchard kadi ndogo ya njano, imeandikwa pande zote mbili. Émilienne akaipindua-pindua.

"Na hii, Papa Prudent, inasema nini?" Prudent ni mtoto wa kwanza wa Médard, na kwa heshima Émilienne hakuwahi kumwita vingine.

"Ya kuonyesha ku mulango, wakuache kuingia."

Émilienne aliitia katika nailoni, akaiweka ndani ya Biblia. Uongo wa kwanza wa Médard ulikuwa wa kupunguza. Huu wa pili aliutunga mwenyewe, na basi lilipoondoka Kampala alijiambia kwamba atawaeleza wakifika nyumbani. Walipofika nyumbani alijiambia atawaeleza safari ijayo.

Walirudi Kampala kila baada ya wiki tatu. Chupa moja ilining'inizwa juu ya Médard, na mbili juu ya Blanchard, moja baada ya nyingine. Médard alikuwa akizitazama zile mbili zaidi kuliko alivyoitazama ya kwake. Wote wawili vichwa vilikuwa vipara, wote wawili walitapika kwenye beseni moja. Lakini baada ya safari ya tatu, Blanchard alianza kumeza.

Médard naye hakuharibika kabisa. Uji ulipita, na chai. Kilichopotea ni sauti. Ilikwaruza, kisha ikawa upepo. Kanisani maikrofoni ya pili ilichukuliwa na kijana aitwaye Nicolas, ambaye mhubiri akisema sentensi tano anatoa mbili, na watu wanasema amina vilevile. Hilo lilimuuma Médard kuliko sindano.

Halafu ikaja komunyo ya kwanza ya Jemima, binti mdogo wa Blanchard. Walichinja mbuzi. Médard aliwekwa kiti cha heshima, na kiti chenyewe alikitengeneza Blanchard kwa ajili yake. Daktari aliwahi kusema kwamba mgonjwa wa namna hii alale kichwa juu ili chakula kisipande; Médard alitafsiri hilo barabara kwa kuwa lilimhusu, na wiki hiyo hiyo Blanchard akamletea kiti kirefu cha mvule chenye mgongo ulioinama na mahali pa kuwekea mikono. Hakutaka malipo. Basi Médard alikaa kwenye kiti hicho, kikombe cha uji wa soya mkononi, akamtazama jirani yake akirarua nyama ya mbuzi kwa meno. Alihesabu. Vipande kumi na saba. Blanchard alipofika cha kumi na nane alilamba vidole, akamwona anamtazama, akamwinulia mfupa kwa furaha kama mtu anayesema, kaka, zamu yako inakuja. Wakati huo Médard alimchukia kwa mwili wote.

Siku nane baadaye, Blanchard akaanza kuharisha.

Bunia, mtu akiharisha, hakuna anayeumiza kichwa. Ni amibe, wale wadudu wa tumbo. Kila mtu ana amibe zake kama vile kila mtu ana mjomba, na kila nyumba ina dawa yake. Émilienne alichemsha majani ya mpera. Arielle, binti mkubwa, alikwenda farmasi ya mtaa akarudi na vidonge vya amibe.

"Ni ile mbuzi," Annette alisema, akimpa Médard uji wake. "Tumbo yake ilisahau nyama, sasa amibe zimeamka."

Médard alipokea kikombe. Alikaa barazani kwenye kiti cha mvule, juani, na choo cha Blanchard kilikuwa nyuma ya ua wa matete, hatua chache tu. Mlango wake wa bati ulilia kila ulipofunguliwa. Siku ya kwanza ulilia mara sita, na Médard akajiambia hata kemo huleta kuharisha. Siku ya pili ulilia mara kumi kabla ya saa sita, akajiambia watu huishi na amibe miaka. Saa tisa alimwona Blanchard akirudi amemwegemea Arielle, suruali imemlegea kiunoni.

Je, alitaka afe? Hapana. Hata yeye alijiuliza, akajijibu kwa kweli. Alitaka tu Blanchard ashuke kidogo. Arudi kwenye uji, wakae wote wawili kwenye ngazi moja, washikane mikono tena kama ile siku ya Nyankunde. Alitaka mlango ule ulie mara chache zaidi, halafu uache. Lakini haukuacha.

Siku ya tatu asubuhi, mlango haukulia kabisa, maana Blanchard hakuweza tena kufika chooni. Émilienne alikuja mwenyewe, ndala za namna mbili miguuni, kadi ya njano mkononi.

"Papa Prudent, inatoka damu sasa. Farmasi wanasema tubadilishe comprimé, tumupe vidonge vingine. Mimi nikasema hapana, tuulize docteur ya Kampala. Angalia hapa, labda hii numero ni yake."

Médard alipokea kadi. Kwa herufi kubwa yaliandikwa yote aliyoyajua. Namba ya simu ilikuwa chini kabisa. Bado kulikuwa na nafasi: angesema namba ile ni ya mlangoni tu, na Émilienne angeamini, kama alivyoamini mara ya kwanza. Mikono ya Médard ilikuwa juu ya mbao laini za kile kiti. Akasimama.

"Ni yake," alisema. "Twende kwako, tumupigie simu palepale."

Blanchard alilala kwenye godoro sebuleni, midomo mikavu, macho yameingia ndani. Annette alifuata, Arielle alikuwa anamshikia baba yake kikombe. Médard aliweka simu sauti juu ili wote wasikie, ingawa Kiingereza cha haraka namna ile alikielewa yeye peke yake. Daktari aliitika. Aliuliza mara ngapi, aliuliza damu, aliuliza tangu lini. Kisha maneno yakaja haraka, na Médard, kwa ile sauti yake ya upepo, akayapokea moja moja na kuyatoa.

"Hii haiko amibe. Ni waaskari ya mwili yako, wanapiga matumbo. Mupelekwe hospitali sasa hivi, hapo Bunia, musifikirie kuja huku. Wakutie maji ku mushipa, wakupe cortisone, ile dawa ya kutuliza waaskari, mingi. Mimi nitaongea na docteur ya hapo. Vidonge vya amibe, tupa."

Émilienne alikuwa tayari anakunja kitenge. Arielle alikimbilia barabarani kutafuta gari. Daktari hakuwa amemaliza.

"Dawa ya pili ninaisimamisha," Médard akatafsiri. "Pengine hutairudilia tena."

Simu ikasema tena, polepole zaidi, na safari hii sauti ya yule mama haikuwa ya upole. Médard alisikia hadi mwisho. Hakuna mtu mwingine chumbani aliyejua maneno yale. Angeweza kusema, anawaombea. Angeweza kusema, network imekatika. 

"Kwa nini mulingoja siku tatu?" alisema. "Hii niliwaambia. Ile siku, mbele ya chupa ya kwanza. Nilimuambia mukalimani wenu, na nikawapa kadi."

Émilienne aliacha kukunja. "Ile ni docteur anasema?"

"Ni docteur."

"Na mukalimani? Yeye anasema nini?"

Miaka kumi na minane Médard alikuwa amesema "mimi" mbele za watu, akaungama uzinzi, ulevi, uchawi na mauaji ya watu wengine, na mara zote alikwenda nyumbani kula. Annette alikuwa mlangoni anamtazama.

"Mimi nilisikia," alisema. "Nilisikia yote, nikaacha. Na kadi niliwadanganya. Nilikuwa na wivu ya ile dawa."

Émilienne hakupiga kelele. Alimkaribia, akachukua kadi mkononi mwake, akaifuta kwenye blauzi kana kwamba ina uchafu, akaitia kifuani. "Utoke kwangu," alisema. Médard aligeuka kutoka, na sauti nyembamba ikatoka kwenye godoro.

"Akuje naye," Blanchard alisema. "Docteur akipiga tena, nani atamusikia?"

Siku sita Médard alikaa kwenye benchi la korido ya hospitali na simu yake mapajani. Émilienne alipita mbele yake bila salamu, akamwita tu simu ilipolia. Kila Médard alipomaliza kutafsiri, Arielle, ambaye alisoma Kiingereza kidogo shuleni, alimwomba daktari arudie taratibu, na akaandika. Médard alikubali. Cortisone ilifanya kazi yake. Damu iliacha siku ya tatu, na siku ya sita Blanchard alikalishwa kwa mito, mwembamba kama mvulana, akanywa nusu kikombe cha uji. Asubuhi hiyo daktari alikuwa amepiga. Émilienne alikwenda kuchota maji, wakabaki wawili.

"Alisema nini?" Blanchard aliuliza.

"Anasema utapona hii. Anasema dawa ya pili imeisha kabisa, hawatakutia tena. Utaendelea na chimio peke yake. Anasema wengine, hata wakiachia njiani, ile dawa ilikwisha kuwasaidia. Hajue kama weye uko kati yao."

"Kwa hiyo chimio moja. Kama weye."

"Kama mimi."

Blanchard alikiweka kikombe juu ya shuka. Alimtazama Médard kwa muda, bila hasira na bila ule ucheshi wake wa zamani, jinsi anavyotazama ubao kabla ya kuukata.

"Tuko sawasawa sasa. Umefurahi?"

Médard angeweza kusema hapana, na hakuna Arielle ambaye angeandika kitu kingine. Alitafuta ndani yake. Palikuwa na aibu nyingi, palikuwa na hofu, palikuwa na huruma ya kweli kwa mtu huyu aliyemtengenezea kiti. Na chini ya hivyo vyote, pale pale kifuani, kile kitu kichungu kilichokwama siku ya dawa kilikuwa kimelegea.

"Kidogo," alisema.

Blanchard alitikisa kichwa taratibu.

"Sawa," alisema. "Leo hukupunguza." Kisha akageukia ukutani, na Médard akarudi kwenye benchi lake kungoja simu.